Muuguzi Anayetaka Waje Kabla ya Kidonda

Saa mbili asubuhi, chumba cha dharura kinanuka dawa ya kusafishia sakafu. Muuguzi wa zamu, ambaye wenzake humwita Mama Kigoda, anaburuta kigoda chake hadi kando ya kitanda na kuketi. Ni mrefu wa kupitiliza. Akisimama, mgonjwa hulazimika kukodolea dari ili amwone uso.

Anafunga bandeji bila haraka. Haulizi kwa nini. Anauliza kama inauma, kisha kama mgonjwa amekula.

Kwa miaka mingi amewapokea watu waliojiumiza wenyewe, na anajua wanavyofanana. Wengi ni vijana. Husema wameanguka. Huja shule zinapofunguliwa, matokeo yanapotoka, au nyumbani kunapokuwa hakukaliki. Na wengi hurudi, hadi baadhi ya wahudumu hunong'ona kwamba hao wanatafuta tu kuonekana.

"Basi tuwaone," anasema. "Mtu anayerudi kwetu bado anatutegemea. Siwezi kumnunia."

Mmoja wao ni mwanafunzi wa sekondari aliyeletwa kwa mara ya tatu mwaka huu. Mshauri wa hospitali aliitwa, mama mzazi naye akaja, wakazungumza mpaka machozi yakakauka. Wakiwa wanaondoka, Mama Kigoda alimshika msichana mkono.

"Mwanangu, safari nyingine usingoje ujiumize. Ukiona linakuja, njoo kabla."

Alichosahau ni kumwambia mlinzi.

Mlinzi wa mlango wa dharura, pande la mtu mwenye moyo laini, hupokea wagonjwa kwa macho. Anayetoka damu, aliyevunjika, aliyezidiwa, hao hupita. Asiye na dalili huelekezwa kliniki, kwenye foleni ng'ambo ya uwanja. Kwa hiyo msichana alipofika wiki iliyofuata kwa miguu yake, sare imenyooka, hana hata mchubuko, mlinzi alimwonyesha foleni kwa adabu zote.

Mchana akamtania Mama Kigoda kwamba siku hizi hata watoto wazima kama kengele wanataka dharura. Muuguzi akajua ni nani. Aliacha chai mezani, akakata uwanja mbio.

Alimkuta kwenye benchi, amepakata begi la shule, kati ya mzee mwenye kikohozi na mama wa mapacha. Akamuuliza kwa nini hakuondoka.

"Nilitaka kuondoka," msichana akasema. "Lakini uliniambia nije. Nikasema acha nikungoje."

Mama Kigoda alilia mbele ya foleni nzima, na anasema haoni haya.

Siku hizi mlinzi humuuliza kijana asiye na jeraha amekuja kumwona nani. Kinachokosekana ni chumba chenye mlango. Maongezi na vijana hao hufanyika kwenye chumba cha kufungia plasta, miguu iliyovunjika ikisikiliza. Mama Kigoda ameuomba uongozi stoo ya magongo, na ameahidiwa kwamba itaondolewa vitu.

Msichana bado huja kila wiki. Juzi alichelewa, akaingia anahema na kuomba radhi, mazoezi ya mpira yalikuwa yamenoga.

"Nilijitia kununa," anasema Mama Kigoda. "Lakini moyoni nilikuwa naomba wote wanicheleweshe hivyo hivyo."