Magunia Manne ya Makumbi

Wazazi wangu walitoka bara wakapewa shamba huku Kwale. Mimi nimezaliwa hukuhuku, lakini mnazi sikuwahi kuujua hasa. Nyumbani kwetu tulitaka nazi, kumbi, lile ganda lake la nyuzi, tukalitupa. Kwa mama aliyenipangisha chumba Msambweni hakitupwi kitu. Kumbi ni kuni, ni kamba, ni kisugulio cha sufuria, na jivu lake huenda bustanini. Niliyaona hayo kila siku na hayakunifunza lolote.

Nilikuwa nafundisha kemia, na kwa ubishi wangu nikajitia kusafisha dimbwi. Watu fulani walikuja chini ya kilima kimoja huko ndani, wakaosha udongo wakitafuta madini, kisha wakaenda zao. Maji machafu wakayaacha shimoni, na kiangazi mbuzi wa watu wakawa wanayanywa. Chuo nilichosomea kiliyapima kikakuta yana thoriamu, metali yenye mionzi, isiyoonekana wala kunuka. Dawa nilikuwa naijua: unaponda makumbi, unayaloweka kwenye asidi ya ndimu, unayaoka mpaka yakauke kabisa, halafu unayapitishia maji ndani ya pipa. Metali hunasa kwenye makumbi.

Ilinasa kweli. Maji yalitoka na nafuu kubwa, nami nikavimba kichwa wiki nzima. Kisha nikabaki na magunia manne yaliyobeba kila kilichokuwa dimbwini. Metali hii haiozi wala haiungui, ukiitoa hapa lazima ukaiweke pengine. Niliandika barua, nikaenda Kwale mjini, nikaenda Mombasa, na kila ofisi ikanielekeza kwa nyingine kwa adabu kubwa. Mwishowe niliyaweka bandani, nyuma ya jiko la mama.

"Mama, makumbi haya naomba yasiguswe, nina kazi nayo," nilimwambia. Sikuongeza neno. Niliogopa angenifukuza. Huo ndio ukweli na siupendi.

Miezi ikapita. Siku moja niliazima kipimo cha mionzi nikakiweka juu ya gunia la kwanza. Kimya. La pili, la tatu, la nne, kimya. Kwa kitambo kidogo nilifurahi, na sijui mtu aliyesoma anafurahije upuuzi kama ule. Nilipofungua nikakuta makumbi mapya, yamepondwa vizuri kuliko nilivyoponda mimi.

Nikamfuata mama uani, alikokuwa akichambua mchele.

"Shikamoo, mama. Yale makumbi yangu..."

"Marahaba, mwanangu. Siku ya hitima ya marehemu mume wangu kuni zililowa, na wageni ndio hao wamejaa. Nikayachukua yako, yakawaka vizuri sana. Lakini ulisema una kazi nayo, kwa hiyo nikakurudishia gunia kwa gunia. Nimeyaponda kwa mkono wangu. Au yamepungua?"

"Hayakupungua." Pilau la hitima hiyo nililila sahani mbili. "Na jivu lake, mama?"

"Nililitia kwenye mchicha. Jingine nikawapa jirani, nao wana bustani."

Kipimo kilianza kutatarika hata sijainama juu ya tuta la mchicha. Hapo nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo mapajani.

"Yatatudhuru?"

"Sijui. Kipimo hiki kinaniambia mionzi ipo. Kama inatosha kudhuru, siwezi kujua."

"Ungeniambia," alisema. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Heri angenitukana.

Alijifunga leso akatoka kwenda kwa jirani, kwa sababu jivu lilitoka mkononi mwake na yeye ndiye wa kulisemea. Nilimfuata nyuma kama mwizi aliyekamatwa. Tuliwakuta wameketi wanakula ugali na mchicha, mama wa nyumba na watoto wake watatu. Mama akaeleza kwa upole, bila kunitaja kwa ubaya. Yule jirani hakucheka wala hakubisha. Aliwatazama wanawe, mdogo akiwa na tonge mdomoni, na uso wake ukabadilika nikaona haya ya kuwa hai.

"Tangu mvua za kwanza ndio mboga yetu," alisema. "Kila siku."

Mama alinigeukia nimjibie. Nilitafuta neno la kweli ambalo mzazi angeweza kulalia, sikulipata. Ndipo akavuta mkeka akaketi kati ya watoto, akanawa, akasema bismillahi, akamega tonge akachovya kwenye mchicha.

"Usiogope, mwenzangu," akamwambia yule mama. "Mwalimu huenda amekosea. Sivyo, mwalimu?"

Wote walikuwa wananitazama, hata watoto.

"Huenda," nikasema, na watoto wakaendelea kula.