Pakiti ya Majani ya Chai

Mdogo wangu wa kike nilikuwa namwita Mheshimiwa, kwa sababu alijua kushika kitabu kwa mkao mzuri na asisome kitu. Alikuwa darasa la tatu. Upepo uliezua madarasa ya shule yao hapa Kisesa akiwa la kwanza, wakawa wanasoma kwa zamu, na siku nyingi zamu yake iliishia kucheza rede uwanjani. Herufi zikampita hivyo hivyo.

Kisha serikali ikatoa fedha za kuwafunza walimu namna ya kuwainua watoto waliobaki nyuma. Baba akasema zitaishia kwenye soda za semina. Mimi nikaongeza: na sambusa. Akaenda mafunzoni madam mmoja wa shuleni kwao, na aliporudi tukafunga midomo. Alitaka kila mtoto aje na kitu chenye maandishi kutoka nyumbani, chochote kile, asomee hicho. Mdogo wangu akabeba pakiti tupu ya majani ya chai. Nyumba nzima ikawa ma, ja, ni, mpaka kuku wakachoka. Ijumaa moja akasimama jikoni akasoma "majani" mwenyewe, kidole chini ya neno, na mama akasahau ugali motoni.

"Na hilo lingine?" nikamchokoza.

"Chai bado. Madam amesema tutamalizia Jumatatu."

Jumatatu madam hakuwepo. Kwa kuwa sasa alikuwa amefunzwa, wakubwa walimhamishia Sengerema akawafundishe walimu wa huko. Aliyepewa darasa lake hakuwa amepata mafunzo. Angeenda fedha zikija tena. Alipoona makopo na maboksi juu ya madawati, akadhani ni uchafu tu, akaamuru vyote vikatupwe shimo la taka.

Mdogo wangu akarudi na pakiti yake inanuka majivu. Mimi nina utani wa kila msiba, huo ulinishinda. Nikamwambia njoo nikufundishe mimi, neno lenyewe dogo tu.

"Wewe kaka unatania. Madam alikuwa hatucheki."

Nikajaribu kukaza uso. Haujazoea. Akanitazama kidogo, halafu akauliza kama watoto wa Sengerema wamebaki nyuma kuliko yeye.

Nikasema ndiyo, sana.

Akaipachika pakiti nyuma ya vikombe, na kesho yake akaenda shule bila kitu mkononi.