Sista wa Jumuiya Yetu

Asubuhi za Elburgon huanza polepole. Ukungu hushuka kutoka msitu wa Mau ukakaa juu ya mapaa, na harufu ya mbao mbichi huingia hadi ndani ya blanketi. Mimi hutoka Lanet, kwenye vumbi na honi, na kila ninapofika Elburgon kwa mafungo ya vijana huhisi kama bado nimelala na mtu ameniwekea chai karibu na kitanda.

Kazi yangu ni kuwasaidia vijana wa parokia waliomaliza kidato cha nne kutafakari wito wao, kama ni ndoa, upadre, utawa, au kubaki bila ndoa na kutumikia watu. Nasema kusaidia, si kuamua. Hapo sina mchezo. Kijana akinijibu haraka haraka kwamba ameitwa, namwambia akanywe uji kwanza.

Mwaka mmoja alikuja msichana ambaye parokia nzima ilimwita Sista. Alipokuwa mdogo, siku ya watoto wamisionari, nyanya yake, ambaye yeye humwita shosho, alimshonea shela kwa shuka kuukuu, naye akaandamana hadi altareni mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Wanawake wa jumuiya ya Kikristo ya mtaa wao wakamwona, wakaamua. Tangu hapo jina lake la ubatizo likabaki kwenye cheti tu. Akicheka kwa sauti, anaambiwa, "Sista, pole pole." Wavulana walimsalimia kwa adabu na hakuna aliyethubutu kumtania. Mwaka mpya ulipokaribia, jumuiya ilipanga kumuaga Jumapili ileile tuliyokuwa tukirudi kutoka mafungoni, ili Januari aingie nyumba ya watawa. Walikuwa wameandaa kila kitu, ila yeye mwenyewe hawakuwa wamemuuliza.

Jumamosi mchana, misumeno ya kiwanda cha mbao ikizimwa, huwa nawapeleka vijana kando yake. Kila mmoja hutafuta mahali pake na kunyamaza. Msichana yule alikaa juu ya rundo la vumbi la mbao akiutazama ukungu ukipita kati ya miti. Ilikuwa saa ya ajabu. Ng'ombe walipita bila mchungaji, bila kelele. Jua lilitokea, likapotea, likatokea tena upande mwingine, au angalau ndivyo ninavyokumbuka.

Aliponifuata, nywele zake zilikuwa zimejaa vumbi la mbao.

"Anti, nimengoja kuitwa," akasema. "Sijaskia kitu. Nimeskia njiwa tu."

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

Akacheka kidogo. "Mimi? Si wanajua tayari. Shosho ameninunulia hadi sanduku. Nikimwambia sijui, si atakufa?"

"Hatakufa. Lakini mimi sitakusemea."

Nilimjibu kwa ukali, kisha nikaenda nyuma ya jiko la nyumba ya mafungo nikalia. Nilimpenda yule mtoto, na niliwajua wanawake wa jumuiya yake. Wakishaanza jambo, kuwazuia ni kazi ya malaika.

Jumapili tulifika kwa nyanya yake, wanawake hao wakiwa wametutangulia. Walitupokea kwa wimbo tangu langoni, wakamzunguka msichana, wakamfunga leso begani, wakaweka mbele yake mashuka meupe na blanketi. Vumbi la uani lilipanda taratibu, na kwa muda nikaona kama miguu yao haigusi chini. Hatimaye mwenyekiti wa jumuiya akamwomba Sista aseme neno moja la kuwaaga.

Alisimama akiwa ameshika ncha za leso.

"Asanteni. Lakini mimi sijaamua. Sijui kama nataka kuwa sista. Naomba mniache nifikirie."

Mama mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa amesikia, alianzisha tena kiitikio peke yake hadi jirani yake akamgusa bega. Mwenyekiti akasema ni jaribu tu, litapita. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu, nikaona watu wote wamegeuka kumtazama nyanya.

Alikuwa ameketi kwenye stuli, sanduku jipya likiwa mapajani, na machozi yalikuwa yakidondoka juu yake. Msichana alikimbia akapiga magoti.

"Nisamehe, shosho."

"Nikusamehe nini? Mimi nilidhani ni wewe unataka. Kila nikisali namwomba Mungu anisamehe, kwa sababu sitaki uende."

"Si ungeniambia tu, shosho?"

Nyanya alijifuta macho kwa kiganja, akawatazama wale wanawake waliosimama uani.

"Ningekuambia saa ngapi," akasema, "na watu wote hawa wanaimba?"