Bernadeta na Teke la 458

Mimi ni dereva, si mwandishi. Lakini katika ofisi yetu ya wanyamapori wanaojua kuandika wanaandika ripoti za uongo tu, kwa hiyo habari ya Bernadeta Mkude acha niiandike mimi. Naitwa Amosi, Mnyamwezi wa Tabora, nakaa Kihonda hapa Morogoro. Bernadeta ni Mluguru wa milimani. Anayeujua utani wetu hahitaji maelezo. Asiyeujua ajue tu kwamba nina haki ya kumsema Bernadeta vibaya mbele ya watu, naye ana haki ya kunisema vibaya zaidi, na hakuna wa kununa. Haki hiyo nimeitumia miaka kumi na moja bila likizo.

Ni mwanamke mfupi. Nasema mfupi kwa kumwonea huruma. Akikaa kiti cha mbele cha Landkruza yangu, trafiki hudhani nimempakia mwanafunzi. Pamoja na ufupi huo, hakuna askari wetu anayesoma nyayo kama yeye. Huinama, akakigusa kinyesi cha mbogo kwa kidole, akakwambia amepita saa ngapi na ameamkaje. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa. Na miaka yote kumi na tisa, akishawafikisha wenzake pale alipo mnyama, mwanamume mmoja mrefu husogea mbele na bunduki kubwa, akapiga, kisha akapigwa picha na mguu juu ya mzoga. Bernadeta hayumo pichani. Yeye ndiye anayepiga picha.

Bunduki kubwa ni 458. Hiyo ndiyo tunayobeba tukiitwa kwa tembo au mbogo aliyejeruhi mtu shambani. Risasi yake ni nene kama kidole gumba, na teke lake, ule msukumo wa kurudi begani ukipiga, si la mchezo. Oscar, askari wetu mrefu kuliko wote, siku moja lilimpata vibaya akamwita mama yake kwa jina la ubatizo, ingawa ripoti haikuandikwa hivyo.

Mwaka huu mwezi wa sita kiongozi wa kikosi cha wanyama waharibifu alistaafu, na kwa haki nafasi ilikuwa ya Bernadeta. Bosi wetu Evance hakuwa na sababu ya kumnyima, akaitafuta, na bosi akitafuta hakosi. Akatangaza kwamba kiongozi lazima afaulu mtihani wa shabaha kwa 458. Bernadeta akifaulu, kikosi ni chake. Akifeli, anahamia dawati la vibali, akagonge mihuri mpaka uzee umkute.

"Chagua mwenyewe bunduki unayoitaka ghalani," Evance alimwambia, akatabasamu. Alijua zilizomo.

Zilikuwamo tatu. Mlinzi wa ghala ni mzee Yunusi, fundi silaha, mtu wa swala tano na maneno machache. Tulimkuta anasafisha miwani yake. Oscar naye alikuwepo, maana penye kumshauri mwanamke Oscar hakosekani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Njoo uchague mume."

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyeusi, kitako cha plastiki. Oscar akainyanyua kwa mkono mmoja. "Chukua hii, dada. Nyepesi, hutachoka njiani."

"Uzito wa bunduki ndio unaomeza teke," alisema mzee Yunusi. "Hii ikiwa nyepesi, atalimeza yeye. Mtulinga utavunjika kabla mbogo hajajua kama amepigwa."

Ya pili ilikuwa nzito na nzuri, mbao zake zinang'aa, lakini kitako kimeinama kwenda chini. Bernadeta alipoiweka begani na kutazama shabaha, shavu lake lilibaki linaelea hewani. Mzee akatikisa kichwa. Kitako cha namna hiyo, alisema, kikirudi nyuma kinapanda juu, na kinachokutana nacho ni mfupa wa shavu. Akatuonyesha kovu lake chini ya jicho, la mwaka 1988.

Ya tatu ilikuwa kizee. Mbao zimekwaruzwa, mwisho wa kitako kuna bamba la chuma, uzito wake kama dhambi ya mtu mwingine. Lakini kitako kilikuwa kimenyooka, na Bernadeta alipolaza shavu lake juu yake likatulia kabisa, macho yakaiona shabaha bila kuitafuta. Akafumba jicho moja. Akatabasamu, na mimi nikajua kwamba mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mzee Yunusi akakiingiza kitako kwenye kiwiko cha Bernadeta, mkono umekunjwa, akamwambia afikishe kidole kwenye triga. Hicho ndicho kipimo chao. Kidole hakikufika. Kilipungua pengo la vidole viwili.

"Imetengenezwa kwa ajili ya Mzungu mwenye mikono ya nyani," nilisema.

"Na wewe umetengenezwa kwa ajili ya nini, mtani, kula tu?" Bernadeta alinijibu bila kugeuka. Kisha akamuuliza mzee, "Inakatika?"

"Plastiki ningekukatalia, ndani ni uwazi. Hii ni mbao. Mbao inausikia msumeno."

"Mjomba wangu kule Nyandira ni seremala."

Evance aliisaini karatasi ya matengenezo bila kuisoma, kama anavyosaini kila kitu isipokuwa likizo yangu. Mtutu ukabaki umefungiwa ghalani, mbao ikafunguliwa, ikazungushiwa kanga, tukapanda nayo Nyandira, huko Mgeta, mwezi wa saba, ukungu umeikalia barabara na mvua nyembamba inaninyima kioo.

Mjomba Laurenti hutengeneza mabenchi ya kanisa na majeneza. Kazi ya majeneza humzoesha mtu vipimo, maana mteja hana namna ya kurudi kulalamika. Ni mzee mdogo kama mpwa wake, mkali, na pale milimani ukoo ni wa mama, kwa hiyo neno la mjomba si ushauri. Evance anaweza kumpa Bernadeta amri akaijadili. Mjomba akikohoa tu, Bernadeta anasimama.

Tulimkuta jikoni anaota moto. Alikipokea kile kitako, akakigeuzageuza, akakinusa.

"Mninga si huu. Simama nikupime."

Bernadeta alikuwa amevaa sweta la sufu, juu yake koti zito la mtumba, na shingoni kitenge. Akaanza kufungua vifungo.

"Unafanya nini?" mjomba alifoka.

"Navua, mjomba. Tukipiga tunavaa shati."

"Mwezi wa saba uvue nguo katika nyumba yangu? Ukipata nimonia nitamjibu nini dada yangu kaburini? Nani anavua sweta huku?"

Ni kweli, hakuna. Nyandira watoto wanazaliwa na sweta. Na mimi niliyekuwa natetemeka pembeni ya moto na kikombe cha chai sikuona kosa lolote, kwa hiyo sina mtu wa kumcheka. Akapimwa na sweta lake, na koti lake, na kitenge chake. Mjomba akakata, akapiga randa, akang'oa lile bamba la chuma na kubandika raba ya katambuga mahali pake, akapaka nta. Kitako kilitoka kizuri mpaka nikatamani kukilalia. Bernadeta alikiweka begani pale jikoni, kikamkaa barabara.

Siku ya mtihani ilikuwa uwanjani, chini huku bondeni, saa sita mchana, jua kama limetumwa. Evance alikuja na viti, maji baridi na mgeni kutoka mkoani wa kushuhudia. Bernadeta alivaa shati la kazi, limepigwa pasi. Alipewa risasi mbili za kuzoea na tatu za mtihani.

Ile ya kwanza ilipolia, kunguru wote waliondoka, na Bernadeta akashika uso. Kitako kilikuwa kimekuwa kifupi kwa unene wote wa sweta na koti alivyopimwa navyo kwa mjomba. Bunduki iliporudi, kidole gumba chake mwenyewe kilimpiga puani. Damu ikadondoka juu ya shati.

Wanaume wakacheka. Nitasema ukweli, na mimi nilianza kucheka, utani una mazoea yake. Kisha nikamwona machoni. Hakuwa analia kwa maumivu. Alikuwa analiona lile dawati la vibali, na mihuri, na kalenda ukutani. Nikaacha kucheka, nikaona aibu.

Aliziba pua kwa kanga. Akakiangalia kitako. Akakunja mkono na kukipima kwenye kiwiko. Halafu akasimama, akaja kwenye gari.

"Mtani, lile koti langu la Nyandira bado liko nyuma ya kiti?"

"Liko, na sweta. Ulisema nifue, nikasahau."

"Mara moja tu uvivu wako umefaa."

Akavaa sweta. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni. Joto lile, mimi nilikuwa nimelowa kwa kukaa tu.

"Mama huyo anasafiri kwenda kwenye baridi ya Makete?" Oscar aliuliza, na viti vikatingishika kwa kicheko. Evance alichekea ndani ya chupa ya maji.

Bernadeta alirudi mahali pa kupigia. Akalaza shavu juu ya mbao, jasho linamtiririka kwenye nyusi, akapiga ile ya pili ya kuzoea. Pua ikabaki salama. Akapiga tatu za mtihani, taratibu, kama anayehesabu. Mgeni wa mkoani alikwenda mwenyewe kuangalia, akarudi ameshika karatasi ya shabaha. Matundu matatu yalikuwa yanafunikwa na kiganja kimoja. Evance aliyatazama kwa muda mrefu, labda alitumaini yataongezeka.

Akapewa kikosi, kwa mdomo. Ila bunduki ni kitu kingine. Wiki mbili baadaye, Jumapili asubuhi, ikapigwa simu kwamba mbogo mwenye jeraha ameingia kwenye mashamba ya mpunga upande wa Mvuha na amemvunja mkulima mguu. Bernadeta alikuwa kanisani. Evance hakumwita. Alifungua ghala, akampa Oscar ile kizee, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imethibitishwa shabaha. Mazoea ya miaka kumi na tisa hayafi kwa mtihani mmoja.

Mzee Yunusi akasema ni vizuri ajaribu kwanza. Alilisema kwa upole, akarudi nyuma hatua tatu. Oscar akapiga moja nyuma ya ofisi. Mikono yake ni mirefu kama makasia. Kitako kile kwake kilikuwa kijiti. Ngumi yake ilikutana na pua yake, na safari hii mama yake aliitwa kwa majina yote matatu. Evance akasema Oscar hajui kushika, akaichukua yeye. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba bandeji ya sanduku la huduma ya kwanza haikutosha wote wawili.

"Amosi," bosi aliniambia kwa sauti ya puani, "kamlete."

Nilimtoa Bernadeta katikati ya wimbo wa sadaka. Tukashuka Mvuha, koti lake magotini. Alimfuata yule mbogo kwa muda wa saa mbili kwenye matete, mbele ya kila mtu, na koti limefungwa mpaka kidevuni, na alipomkuta alipiga mara moja. Nilisikia mlio mmoja tu kutoka garini, nikasubiri wa pili, haukuja. Nilipiga usukani kwa furaha mpaka honi ikalia.

Jioni tulirudisha bunduki. Pua ya Evance ilikuwa imejaa pamba. Alifungua daftari la silaha, ambalo lina safu ya jina la mtumiaji, na safu hiyo kwa bunduki kubwa haijawahi kujazwa, maana bunduki kubwa ilikuwa ya yeyote aliye mrefu. Akachukua kalamu. Akaandika: Bernadeta.

Bernadeta akalisoma. "Bosi, Bernadeta tuko wengi Morogoro," alisema. "Andika jina lote."

Evance, ameketi, akaandika lote, herufi kwa herufi, Bernadeta akiwa amesimama juu yake: Bernadeta Alois Mkude. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuwa mrefu kuliko mtu ghalani mle. Mimi nilitoka nje nikajifanya nakagua tairi, na mtu asiniulize kwa nini.