Masizi ya Kibuyu na Masizi ya Mashine

Baba yangu ni mbishi wa kuzaliwa, nami ni mbishi wa kurithi, kwa hiyo nyumbani hatukosi la kuzungumza. Ana mashine ya dizeli ya kusaga mahindi, ndani ya kibanda cha mabati huku kwetu Kipkelion. Bomba lake la moshi liliishia humo humo ndani. Siku moja mvua ya alasiri ilipoanza, alifunga mlango ili unga usilowe, akaendelea kusaga. Jioni alikohoa hadi akashika ukuta. Niliogopa sana, na woga wangu hutoka kama hasira.

Nikamburuta hadi hospitali ya Kaplong kwa daktari. Kijana yule alimweleza kwamba moshi wa dizeli una chembe ndogo kuliko unga wowote aliowahi kusaga, kwamba hupita puani zikatua ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu zikasumbua hata moyo. Baba alisikiliza kwa adabu zote, akashukuru, akamwombea. Njiani akaniambia daktari ni mtoto mzuri, ila hajanywa mursik ya kutosha. Sisi, alisema, tunasugua kibuyu kwa mkaa, tunatia maziwa juu ya masizi hadi yagande yawe mursik, tunakunywa, na hakuna aliyezikwa kwa sababu ya masizi.

Nikamwambia amesema kweli. Wanaonijua wangeshtuka.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, nilijaza mursik kwenye kikombe chake kikubwa cha bati, nikakiweka wazi kwenye rafu iliyo karibu na bomba. Mvua ikaja, mlango ukafungwa, mashine ikanguruma. Saa kumi alipoizima na kufungua, nilikuwa nje nikiongea na akina mama wawili waliosubiri unga wao. Nikaingia, nikamkabidhi kikombe kwa mikono miwili kama binti mwenye heshima.

Alikiinua, akanusa, akasita. Juu ya maziwa kulikuwa na utando mweusi unaong'aa.

"Hii maziwa iko na nini?"

"Masizi tu, Baba."

"Hii haiwezi kunywewa na mtu."

"Na wewe umeyavuta masizi hayo kwa pua tangu mvua ianze."

Akina mama walicheka. Baba hakucheka. Alikitazama kikombe muda mrefu, kisha akalitazama bomba, na nikaona haya kidogo, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa kama mimi.

Wiki hiyo fundi alilipitisha bomba juu ya paa na kukata dirisha. Baba huwaambia wateja kwamba wazo hilo lilimjia akiwa kwenye maombi, nami nimeacha kubisha. Kikohozi kimepungua, hakijaisha. Mvua ikianza, mimi hupitia pale kuangalia kama mlango uko wazi. Huwa uko wazi, unga wa mlangoni umelowa, naye ananilaumu mimi.