Kanda Iliyoandikwa "Akiba"

Mke wangu ni fundi wa vinanda vya umeme. Nasema mapema, kwa sababu watu wakiingia dukani kwetu na kinanda kifuani hunijia mimi moja kwa moja, nami huwaonyesha kwa kidole: mimi ni fundi cherehani, vinanda ni kule nyuma ya pazia. Wengine hubaki wamesimama wakisubiri niache utani. Basi mwenyewe hutoka, miwani juu ya paji la uso, bisibisi mkononi, na kuuliza mgonjwa ana nini.

Wapiga vinanda wanamwita Mama Lehemu, kwa ile risasi anayoyeyusha kuunganishia nyaya. Ufundi alifundishwa na baba yake mdogo aliyekuwa akitengeneza redio, na sasa ana miaka ishirini na miwili kazini. Wana kundi lao kwenye simu, linaitwa Wagonjwa wa Vinanda, watu mia mbili na ushee: wapigaji wa harusini, walimu wa kwaya, watengeneza midundo, na wengine wasiojua kupiga hata wimbo mmoja ila wanapenda tu kuzungusha vitufe. Simu yake hulia kutwa. Mara mtu ametuma picha ya waya, mara wawili wamenuniana kwa ajili ya kitufe kimoja, eti rangi yake si ile ya asili. Kusema kweli nilikuwa siwapendi. Niliwaona watu waliokosa shughuli.

Asubuhi moja aliingia nesi mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha wodi, amebeba kinanda kilichofungwa kwenye shuka safi. Alipokifungua, mke wangu akatoa mguno wa furaha. Kilikuwa cha zamani, cha aina ile ambayo mpigaji hujitungia sauti zake mwenyewe, akizungusha hapa na pale mpaka aridhike, kisha anaiweka kila sauti kwenye namba yake. Namba ziko thelathini na mbili.

"Vibonye vitatu vimekufa," nesi akasema. "Mimi sijui kupiga. Cha marehemu mume wangu. Sauti zote humo alizitunga yeye, miaka na miaka."

"Alikuwa mwanamuziki?"

"Mwanamuziki wapi! Fundi muashi. Akirudi kazini na saruji mpaka magotini, hasalimii mtu. Anapita moja kwa moja sebuleni, anabonyeza namba kumi na saba, mara moja tu. Ndiyo hodi yake hiyo. Na mimi namjibu kutoka jikoni."

"Unamjibuje?"

"Hayo ya mke na mume, mwanangu." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Tangu afariki naibonyeza mwenyewe kila jioni. Namba hiyo hiyo. Basi nasikia nyumba imetulia."

Sasa, mke wangu ana sheria moja. Ameiandika kwa chaki yangu ya kukatia nguo, ukutani juu ya meza yake: HIFADHI KWANZA, FUNGUA BAADAYE. Vinanda vya namna ile vina betri ndogo ndani, imechomelewa kwenye bodi, na kazi yake ni kulinda kumbukumbu hata umeme ukiwa umezimwa. Ukiitoa, sauti zote alizotunga mtu zinafutika. Kwa hiyo kwanza unazinakili pembeni, ndipo ushike bisibisi. Sheria hiyo amewafundisha Wagonjwa wote, na aliyewahi kuikosea alisemwa mpaka akajitoa kundini.

Siku ile alifungua kwanza. Alitaka kuchungulia tu, aone vile vibonye vimepatwa na nini. Nilikuwa nashona kola nikamsikia akisema, "Mungu wangu, inavuja!" Betri ilikuwa imezeeka na kutoa tindikali, ukoko wa kijani umetambaa juu ya bodi na kuanza kula njia za umeme. Akashika koleo, akaikata betri, akaanza kusugua ule ukoko kwa mswaki haraka haraka ili aiokoe bodi. Bodi aliiokoa. Kisha nikasikia mswaki umesimama.

Nilipofunua pazia nilimkuta amekaa kwenye stuli, anaangalia ukutani, kwenye maandishi yake mwenyewe.

"Zimekwenda," akasema. "Zote. Hata kumi na saba."

Nitakiri nililomwambia, ingawa halinipendezi. Nilimwambia asijisumbue. Mama yule hajui kupiga, masikio yake ya kizee; fundi atafute tu sauti inayofanana aiweke namba kumi na saba, maisha yaendelee.

"Kama ulivyomwambia yule bibi harusi kuwa kitambaa kimenywea?" akaniuliza.

Nikarudi kwenye kola yangu. Gauni lile nililikata vibaya mwenyewe, naye anajua.

Akaandika kwenye kundi. Hakujificha: alisema amevunja sheria yake, akaeleza kazi ni ya nani na kilichopotea ni nini. Nilingoja nisikie wakimcheka, maana jinsi nilivyowajua, wangemla mzima. Hakuna aliyecheka. Mpigaji mmoja wa harusini alitoa ushauri kama wangu, akazomewa na kundi zima. Kisha mwalimu wa kwaya, mzee wa ndevu ambaye kwa kawaida hubishana kuhusu kila kitu, akauliza: "Nyuma kina tundu la kunakilia kwenye kanda?"

"Kina," mke wangu akajibu.

"Basi kamuulize mama kama marehemu aliacha kanda. Si ya muziki. Kanda inayolia vibaya."

Mchana ule ule tulikwenda kwa nesi. Mimi nilifuata kwa sababu mke wangu alitoka na bisibisi mkononi bila kujua, na tangu nimuoe sijaona akiitoa nje ya duka. Hakuzunguka. Alisema, "Mama, nimekosa. Nimefuta sauti za baba, zote. Kosa ni langu, si la kinanda."

Nesi hakupaza sauti. Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Hata ile yake?"

"Hata ile, mama."

Akafuta meza mara ya pili. Laiti angetutukana ingekuwa nafuu. Mke wangu akauliza habari za kanda. Nesi akatikisa kichwa: kanda zipo, sanduku zima, ila ni nyimbo tu. Halafu mkono ukasimama.

"Iko moja mbovu. Baada ya matanga niliiweka nikidhani nitamsikia. Ikatoa kelele kama mtu anakwangua sufuria kwa kijiko, nikaizima. Muda umeila, nikasema. Sikuitupa kwa sababu ya mwandiko wake."

Akaileta. Ubavuni, kwa penseli bapa ya fundi muashi, iliandikwa AKIBA.

Mke wangu akaishika kwa mikono miwili. Kinanda cha namna ile, akaeleza, kikinakili kumbukumbu yake kwenye kanda hakinakili muziki, kinanakili hesabu zake, na hesabu hizo sikio la mtu linazisikia kama kelele. Kelele ile ndiyo sauti zenyewe thelathini na mbili, zimekunjwa. Ila kanda ni ya miaka mingi, hawezi kuahidi kitu.

"Usiahidi," nesi akasema. "Jaribu."

Kesho yake asubuhi duka lilijaa. Mwalimu wa kwaya alileta redio kaseti yake, ameikumbatia kifuani. Binti mmoja mtengeneza midundo, ambaye mke wangu alikuwa hajawahi kumwona ila kwa maandishi, alifika na kompyuta yake kwenye mkoba. Nesi nilimkalisha kwenye kiti changu cha cherehani. Betri mpya ilikuwa imeshafungwa, na vile vibonye vitatu vimefufuka.

Mara ya kwanza, kanda ilikwangua weee, na taa nyekundu ya kinanda ikawaka: kosa. Mara ya pili, kosa tena. Mwalimu akasema basi, wasiichoshe, inaweza kukatika. Akafungua mfuniko wa redio na kugeuza skrubu ndogo ya kichwa kinachosoma kanda, kidogo kidogo, mpaka kelele ikawa kali na safi. Binti akairekodi yote kwenye kompyuta, akaipandisha pale ilipofifia, na kutoka hapo ndipo wakaipeleka ile kelele kwenye kinanda. Nilikuwa nimesimama na futi yangu shingoni, sijashona hata tundu la kifungo. Nilikuwa naomba, mimi, kwa ajili ya kelele.

Taa ya kijani ikawaka.

Mke wangu alivua miwani, akakaa chini sakafuni, akalia kama mtu aliyetuliwa gunia la simenti. Binti akamkumbatia, na hao ndio kwanza wanaonana. Mimi nilijifanya natafuta uzi.

Alipoinuka alikigeuza kinanda kimwelekee nesi, akachagua namba kumi na saba, akarudi nyuma.

"Bonyeza mwenyewe, mama."

Nesi alinyoosha kidole, akasita, akabonyeza mara moja. Ilitoka sauti nene, ya taratibu, ikapanda kidogo mwishoni kama mtu anayeuliza swali, kisha ikatulia. Mama yule akafumba macho. Na kwa ile sauti yake ya wodini, ambayo nadhani ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara, akajibu:

"Viatu nje!"

Mwalimu wa kwaya, mtu mzima na ndevu zake, aliinama akaanza kufungua kamba za viatu.