Barua ya Mzee Kamugisha Ilikuwa Mfukoni Mwangu

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi mjini Kigali, na kila nikiikumbuka natamani ningelala mpaka jua linichome usoni. Mwanangu, watu wengi hujutia uvivu wao. Mimi najutia kuamka mapema.

Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na ushei. Wenzangu wa rika walikuwa na nyumba, mimi nilikuwa na begi. Shule niliiacha darasa la sita, na si kwamba nilikosa akili. Dirisha la darasa letu lilitazama barabarani, na kila lori lililopita niliona kama linaniacha. Nikawa utingo, nikauza mitumba, nikapaka rangi makanisa, nikachunga ng'ombe wa watu. Niliposikia kuna jambo mahali, nilikwenda kulitazama. Sikuwahi kupanga safari hata moja. Nilipokosa pa kulala nililala nje, nilipokosa chakula nilikunywa maji, na kwa kuwa aliyeumia ni mimi peke yangu, nilijiona mjanja.

Siku hizo nilikuwa nimetua Karagwe, kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyeitwa Kamugisha. Alikuwa mpiga nanga. Huenda hujawahi kuiona nanga, maana vijana wa leo mnajua gitaa tu: ni ubao mrefu uliochimbwa katikati kama sahani, na uzi mmoja unaopitishwa juu yake mara nane, kwenda na kurudi. Ukiipiga haipigi kelele. Inakunong'oneza. Mzee Kamugisha alikuwa na namna ya kukaza nyuzi aliyoirithi kwa babu yake, na hakuna mwingine pale aliyeijua. Wanasema mcheza kwao hutunzwa, lakini yeye kwao walimtunza kwa pombe. Miaka arobaini aliwapigia walevi harusini, na wao wakiifunika sauti yake kwa maongezi.

Siku moja alipita kijana wa Kinyarwanda aliyekuwa anatafuta wapigaji wa ala za zamani. Akakaa uani kwa mzee toka asubuhi hadi jioni, akisikiliza. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua: Mzee Kamugisha anaalikwa kwenye tamasha la muziki la kiangazi huko Kigali, apande jukwaa dogo Jumamosi saa saba mchana, apige dakika ishirini. Afike kabla ya saa sita, na barua ioneshwe getini.

Mzee aliniomba niisome mara tatu. Kisha akasema, "Kato, huko Rwanda nanga wanaijua. Nikisikilizwa mara moja tu na watu wanaojua, basi, hata nikifa kifua hiki kitakuwa kimetua." Kifua kilikuwa kinamsumbua, alikuwa akikohoa sana.

Nikamwambia nitampeleka mimi. "Kigali? Nimeikanyaga yote!" Mwanangu, Kigali nilikuwa nimeipita mara moja, nikiwa utingo kwenye lori la simenti, tena nusu ya njia nilikuwa nimelala. Yule kijana alipopiga simu kusema atatuma mtu atupokee kituoni Nyabugogo, nilimjibu asihangaike, tunaye mwenyeji. Mwenyeji mwenyewe ndiye mimi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwanzoni huwa na kivuli kizuri.

Tukavuka mpaka wa Rusumo siku ya Ijumaa, tukaingia mjini jioni. Sikuwa nimeulizia pa kulala. Tuliulizauliza watu mpaka tukafika Gikondo, kwa fundi cherehani aliyeitwa Bi Zaituni, mama mtu mzima aliyekuwa na chumba cha wageni nyuma ya karakana yake. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alisema babu yake alikuja kufanya biashara kutoka pwani akanogewa na ubaridi. Alitupa ugali na isombe, yaani kisamvu chao, akamfurahia mzee, akaishika nanga kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Akiondoa vyombo akasema, "Kesho ni umuganda. Mnajua, sivyo?"

Mzee Kamugisha alinigeukia. Mimi sikujua. Nilidhani labda ni sikukuu ya kanisa, au siku ya gulio. Swali moja tu lilitosha: umuganda ndiyo nini, mama? Yule mama angenijibu kabla hajafika jikoni. Lakini nilikuwa nimekwisha kujitangaza mjuzi wa mji, nami nikasema, "Tunajua, mama. Tunajua sana."

"Haya," akasema, akaenda zake.

Asubuhi nilishindwa kutulia. Mji mpya ulikuwa upande wa pili wa ukuta na mimi nimelala? Nikamwambia mzee nakwenda kuangalia njia ya Remera, huko kwenye tamasha, kisha nitarudi saa tatu tuondoke pamoja. "Usitoke hapa," nikamwambia. "Nisubiri." Nikachukua koti langu, na barua ilikuwa ndani yake. Sikuwa nimenunua laini ya simu ya Rwanda, na namba ya Bi Zaituni sikuichukua. Niliona ni mambo ya kufanya baadaye.

Nikapanda pikipiki. Dereva aliponishusha Remera akaniuliza, "Unarudi na nini?"

"Na pikipiki nyingine."

Akacheka. "Sawa, bosi," akageuza na kuondoka mbio.

Nikazunguka uwanja wa Amahoro, nikateremka Gisimenti, nikanywa chai na chapati. Kila kitu kilinishangaza: usafi wa barabara, vilima, watu walivyoongea kwa sauti ya chini. Ndipo nikaona mwenye mgahawa anafunga mlango. Wa jirani naye akafunga. Magari yakapungua, yakaisha. Barabara kubwa ile ikawa tupu kabisa, nami katikati yake kama kuku mweupe. Mara watu wakaanza kutoka majumbani, wanaume kwa wanawake, waliozoea suti leo wakiwa na kandambili, kila mmoja na jembe, panga au fagio.

Nikaanza kutembea haraka kuelekea Gikondo. Sikufika mbali. Mama mmoja, kiongozi wa mtaa, alinisimamisha.

"Unaenda wapi, wewe?"

"Gikondo, mama. Nina haraka."

"Na nini? Gari hakuna, pikipiki hakuna. Leo iko umuganda. Mpaka saa tano watu wote iko kazini."

"Mimi ni mgeni, mama, samahani sana, kuna mzee wangu ananingojea."

Vijana waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. "Ongea tena! Kiswahili yake iko kama ya redio!"

"Mgeni," yule mama akasema, "wageni wa kwenu hawana mikono?" Lakini alisema huku akitabasamu, na akanipa jembe.

Ndiyo, mwanangu. Umuganda ni kazi ya pamoja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi mji mzima unasimama asubuhi na kila mtaa unafanya usafi wake. Hata mtoto mdogo wa Kigali anajua. Tulizibua mtaro. Nisikudanganye, nilifurahia. Walinifundisha maneno ya Kinyarwanda, mmoja akatania kwamba Mtanzania analima kwa mdomo, nami nikalima kweli ili nimwaibishe. Si kazi ile iliyoniharibia. Usije ukasema, ukisimulia habari hii, kwamba Kato alikwamishwa na desturi za watu. Kazi iliisha saa tano, wakakaa kikao kifupi, na kufikia saa tano na nusu pikipiki zilikuwa zimerudi barabarani. Kutoka pale hadi Gikondo ni safari ya robo saa. Kwenda na kurudi, nilikuwa bado nina muda wa kumfikisha mzee.

Lakini nilisikia ngoma.

Zilitoka upande wa tamasha. Walikuwa wanajaribu vipaza sauti. Nikajiambia, dakika tano tu, niyaone mazingira nikamsimulie mzee. Getini wakaniuliza, nikatoa barua. Wakanifungulia. Ndani kulikuwa na wacheza ngoma wenye manyoya meupe kichwani wakifanya mazoezi, na vijana wakikimbia na nyaya, na msichana mmoja aliyeimba mstari uleule mara kumi mpaka nikaujua. Nikasahau. Sina neno lingine la kujitetea nalo. Macho yangu yalikuwa yanakula, na mwenye macho yanayokula hana masikio ya saa. Nilipokuja kushtuka, kivuli changu kilikuwa kimehamia upande wa pili, na saa saba ilikuwa inakaribia.

Nilimkuta Mzee Kamugisha kwenye kiti mlangoni pa karakana. Amevaa kanzu nyeupe na koti lake jeusi, nanga mapajani, imefunikwa kwa kitenge. Alikuwa amekaa hivyo tangu saa tatu. Bi Zaituni alinitazama toka juu hadi chini, akaona udongo kwenye suruali yangu.

"Nilimwambia nimpeleke mwenyewe," akasema. "Nimefunga duka ili nimpeleke. Akakataa. Anasema, Kato amesema nisubiri hapa. Kato ana barua." Kisha akaongeza, polepole, "Si ulisema mnajua?"

Tulikodi gari, na njiani mzee akauliza mara moja kama kanzu yake imekunjika mgongoni.

Tulifika saa saba na nusu. Binti aliyekuwa na orodha aliposikia jina akaweka mkono mdomoni. "Mzee, tumekuita mara tatu. Watu walikuwa wanakusubiri. Tumeingiza kikundi kingine, na baada yao ratiba imejaa mpaka mwisho." Akaenda kuuliza, akarudi, akaenda tena kuuliza. Nilimwona anataka kulia. "Kesho hakuna, mzee. Ilikuwa ni leo tu."

Nikaanza kupiga kelele, nikidai wakubwa wao waitwe. Mzee Kamugisha akanishika mkono. "Nyamaza. Hawa wametukosea nini?" Kisha akamwuliza yule binti kama mtu asiyepiga anaruhusiwa kusikiliza. Binti akampatia kiti. Mzee akakaa kati ya watu na nanga yake imefungwa, akamsikiliza mpiga nanga mmoja mzee wa Kinyarwanda, na nikaona vidole vyake vinatembea juu ya kitenge. Yule alipomaliza, Kamugisha alipiga makofi kuliko wote.

Kesho yake, kwenye basi la kurudi, ndipo aliponisemesha.

"Kato, yule mama alipotaja umuganda, ulijua ni nini?"

"Hapana, mzee."

"Nilijua hujui. Nilikuona usoni." Akakohoa. "Nilitaka kumwuliza mimi. Nikasema, nikiuliza nitamwaibisha Kato mbele ya watu. Basi nikakuhifadhia aibu yako."

Hilo ndilo lililonivunja, mwanangu. Nilitarajia matusi, na matusi ningeyabeba. Yeye alikuwa ametoa siku yake moja ili mimi nisionekane mjinga kwa dakika moja.

Akasema tena, "Mtu anayesafiri na nafsi yake apotee apendavyo, Mungu atamwokota. Lakini ukichukua safari ya mtu mwingine, uliza. Uliza mpaka wakuchoke."

Hakufika kiangazi kilichofuata; kile kifua kilimmaliza. Yule kijana wa Kinyarwanda alipiga simu kumwalika tena, na mimi ndiye niliyepokea. Akauliza, kuna yeyote aliyerekodi ule ukazaji wake wa nyuzi? Hakukuwa na mtu. Nilikaa na mzee mwaka mzima, mimi niliyekimbia kila mahali kusikiliza kila kitu, na sikuwahi kumwomba anifundishe. Kuna sauti mbili tatu ninazokumbuka. Nikizipiga mluzi, hazifanani.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu amekuja na hataki kuondoka. Kwa hiyo nisikilize. Sikwambii usisafiri. Nenda, tembea, miji ya watu ni shule, na mimi niliyekimbia shule nimesomeshwa na barabara. Nenda hata kwenye hayo matamasha yenu. Ila kabla hujaondoka jiulize, katika safari hii nimebeba matumaini ya nani? Kama umebeba ya mtu, jua saa ya kufika na njia ya kufika, jua siku hiyo watu wa mji ule wanafanya nini, uwe na namba ya mtu wa kumpigia. Kila aliye na barua yake, mwachie barua yake. Na mwenyeji akikuambia neno usilolijua, usitikise kichwa. Sema sijui. Neno hilo ni fupi na halijawahi kumwua mtu, lakini kulikwepa nimeona kulichofanya. Na ukimwona mwenzako anajifanya anajua, usimstahi kwa kunyamaza; uliza kwa niaba yake, aibu itapita kabla chai haijapoa.

Mungu akupe miguu isiyochoka na ulimi usioona haya. Akukutanishe na wakarimu kila mji utakaoingia. Na yeyote atakayekuambia "nitakusubiri," Mola akujalie umfikie angali na furaha yake.